Begi moja la kilo 23, wiki mbili Dedza: kipi kiingie, kipi kibaki Mombasa

Swali: Bwana asifiwe, mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 52, mkaazi wa Mikindani. Kanisa letu linapeleka watu 12 Malawi mwezi wa Julai kwa wiki mbili, kijiji kilicho karibu na Dedza. Tutasaidia kumalizia darasa la shule ya kanisa, na asubuhi tutafundisha watoto. Tunapanda treni ya SGR hadi Nairobi, kisha ndege hadi Lilongwe. Kila mtu ana begi moja la kilo 23 na mkoba wa mkononi. Washirika wameshaleta magunia matatu ya nguo, dawa za kugawa, pipi za watoto, na kila mtu ana ushauri wake. Mimi natumia dawa za presha, sijawahi kutoka nje ya nchi, na baridi siijui. Nipakie nini? – Mama Neema

Amina, Mama Neema. Nianze na hayo magunia matatu, maana ndiyo yatakayowagombanisha kabla hamjafika stesheni ya Miritini. Yabaki Mombasa.

Najua washirika wametoa kwa moyo safi, na mchungaji ataona aibu kuwarudishia. Lakini Malawi ina mitumba yake. Wenyewe wanaiita kaunjika, na soko lake liko kila mji, Dedza ikiwemo. Nguo mtakayoipitisha Nairobi na Lilongwe kwa gharama ya mzigo wa ziada ni ileile ambayo mama mmoja wa kule ameitandika chini sokoni akitafuta karo. Mkishazigawa bure, wiki hiyo hauzi. Halafu kuna forodha. Begi lenye nguo zako halimshughulishi mtu, ila magunia ya nguo za watoto mikononi mwa watu 12 yanaonekana ni biashara, na afisa ana haki ya kuuliza barua, orodha na ushuru. Fanyeni mnada Jumapili baada ya ibada, au muuzieni mtu wa soko la Kongowea kwa jumla, kisha pesa zitumieni kununua saruji na mabati hukohuko Dedza. Mfuko wa saruji una kilo 50, na hakuna ndege itakayowabebea.

Dawa za kugawa nazo zibaki, na hapa sina mjadala. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa misaada ya dawa tangu 1996, na mambo mawili ndani yake yanatosha kuwajibu washirika wenu. Dawa inayotolewa msaada iwe na angalau mwaka mmoja wa kutumika baada ya kufika. Na dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa, kisha ikarudishwa, haifai kupewa mwingine. Sasa fungua hilo boksi lililo ofisini kwenu. Utakuta nusu paketi za antibiotiki, chupa za kikohozi zilizofunguliwa na vidonge vilivyokatwa hadi tarehe haionekani. Malawi ina mamlaka yake ya dawa, na dawa za msaada zinahitaji kibali chake. Mkitaka kusaidia afya, muulizeni mchungaji mwenyeji zahanati ya karibu imepungukiwa na nini, kisha wao wenyewe wakanunue.

Pipi ni jambo dogo, ila linaharibu kazi haraka. Siku ya kwanza mnagawa, siku ya pili watoto wanaacha somo wanaangalia mifuko yenu. Msibebe.

Baada ya hapo begi lako linaanza kupumua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi mnaenda moja kwa moja kwenye siku ya tatu, kwa hivyo kila kitu unachoweka kipime kwa swali moja: nisipokuwa nacho, ni nani kule atakayelazimika kunitafutia? Ukikosa sweta, mwenyeji atavua lake akupe. Ukikosa dawa yako ya presha, mtu ataacha ujenzi akupeleke mjini. Ukikosa taa, utaazima ya nyumba iliyo na moja tu. Vitu vya namna hiyo ndivyo vya kubeba. Nguo sita za Jumapili haziko kwenye hesabu hiyo.

Sasa baridi, kwa kuwa umesema huijui. Mombasa tuko kama nyuzi 4 kusini ya ikweta, kando ya bahari, na hata Julai usiku wetu hubaki nyuzi 20 na ushei. Dedza iko nyuzi 14 kusini, huko milimani, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Julai ni katikati ya majira yao ya baridi. Usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, ndani ya nyumba isiyo na kitu cha kuipasha moto. Mchana jua linatoka, hewa ni kavu, na mtu aliyeamka anatetemeka anajikuta saa sita anatokwa na jasho juu ya kiunzi. Ndiyo maana koti moja zito halisaidii sana. Vaa tabaka: fulana ya mikono mirefu inayobana mwili, sweta juu yake, na jaketi jepesi linalozuia upepo. Kadiri jua linavyopanda unavua moja moja. Ongeza soksi nene jozi tatu, boshori la kulalia na shali. Usiku kichwa na miguu isiyofunikwa hupoteza joto, na mama wa Pwani hulala peku bila kufikiri.

Vitu hivi usinunue vipya. Nenda Kongowea siku ya kufungua mabelo, uulize jaketi za baridi. Pwani hazina wanunuzi wengi, na muuzaji mara nyingi hufurahi kuiachia ile iliyokaa chini ya rundo. Angalia zipu kabla ya kulipa.

Kuhusu kulala, uliza kwanza kama wenyeji wana magodoro na blanketi. Wakisema wanayo, bado beba shuka la Kimasai lile zito. Wakisema hawana, hapo ndipo unahitaji mfuko wa kulalia, na utakula kilo mbili hivi za begi lako.

Na leso, Mama Neema! Sikufundishi wewe, lakini vijana wa kundi lenu wafundishe. Pea mbili za Biashara Street zinafanya kazi ya taulo, shuka, pazia la kubadilishia nguo, kanga ya kuendea bafuni na mkeka wa kukalisha watoto. Taulo la kitambaa kizito halikauki kule asubuhi ikiwa na ukungu. Leso hukauka ukimaliza chai. Na zaidi ya hayo, wanawake wa makanisa ya Malawi huvaa chitenje, kitambaa cha kujifunga kiunoni ambacho ukikiona utadhani uko Kilifi. Ukijifunga leso juu ya sketi umeshavaa kama wao bila kujilazimisha. Wasichana wanaotaka kwenda na suruali waambie hivi: serikali ya Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, iliwahi kupiga marufuku suruali na sketi fupi kwa wanawake kwa sheria ya mwaka 1973. Ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mijini leo suruali ni kitu cha kawaida. Vijijini, hasa kanisani, wazee wengi bado wanaitazama kwa jicho lile. Kwenye ujenzi wavae suruali, kwa usalama, na juu yake wajifunge leso wanapotoka eneo la kazi. Sketi ziwe zinazopita goti, mbili zinatosha. Nguo za kanisani moja, basi. Wanaume shati la kola na suruali ndefu. Kaptura waache za kulalia.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Hapa ndipo watu wanaopakia vizuri kila kitu kingine hujisahau, kwa sababu wengi wa washirika si mafundi. Saruji mbichi ni kali. Ikiingia ndani ya kiatu au glovu ikakaa na jasho, inachoma ngozi polepole bila kukuumiza mara moja, na unapoona kidonda imeshaingia ndani. Glovu za kitambaa zinafyonza maji ya saruji na kuyashikilia kwenye ngozi, kwa hivyo hazifai kwa kazi hiyo. Nunua glovu za mpira nzito jozi mbili za kuchanganyia, na za ngozi jozi moja za kubebea matofali na mabati. Gambuti kwa wanaokanyaga zege, viatu vya ngozi vya kufunga kamba kwa wengine. Viatu vya kazi vivae safarini, visikule kilo za begi, na uwe umevivaa nyumbani wiki mbili kabla ili visikuchubue. Miwani ya kukinga macho kila mtu yake. Barakoa za vumbi chache. Kofia ya ukingo mpana, kwani jua la mlimani haliunguzi kwa joto kama letu, na ndiyo sababu mtu hugundua jioni kwamba shingo imeiva.

Vifaa vya ujenzi, yaani mwiko, karai, sepeto, pima maji, timazi, vinapatikana Dedza na Lilongwe. Vinunuliwe huko. Mkija na vyenu mtavibeba kwenda na mtasitasita kuviacha, na vikiharibika mpini wake haufanani na wa duka la pale. Kanisa mwenyeji likivinunua kwa pesa mlizotuma, vinabaki vyao tangu siku ya kwanza, na fundi wao ndiye anayechagua. Nimeona kundi likifika na mashine nzuri ya kukatia, kumbe kijiji hakina umeme, na mafundi wa pale wakakata mbao zote kwa msumeno wa mkono huku wageni wakiangalia. Kama kweli fundi wenu ana drili ya betri anayoitegemea, aibebe: drili yenyewe iingie begi kubwa, betri za ziada zipande naye ndani ya ndege.

Hilo linanileta kwenye ukaguzi. Miritini begi lako litawekwa chini kwenye mstari, mbwa wapite wakinusa, kisha lipite kwenye mashine. Kisu cha jikoni, panga au chochote chenye makali hakitapanda SGR, hata ukieleza kwamba kwenye ndege kitakaa begi kubwa. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kununua vifaa Malawi. Ndege nayo ina marufuku zake. Betri ya kuchajia simu ikae mkobani, kamwe isiingie begi la chini ya ndege. Kiwango cha kawaida bila ruhusa maalumu ni wati-saa 100, na ile ya mAh 20,000 inayouzwa madukani ina kama 74, kwa hivyo ni salama. Rangi ya mafuta, thina, gundi kali ya mpira, mtungi wa gesi ya jiko na dawa ya mbu ya kupuliza visipandishwe popote. Vitu vya majimaji mkobani visizidi mililita 100 kila chupa. Mafuta ya nazi weka begi kubwa, ndani ya mfuko wa kufunga, maana baridi ya Dedza itayagandisha lakini joto la Mombasa litayamwaga kwanza.

Begi lenyewe liwe la kitambaa. Yale ya plastiki ngumu yenye magurudumu huwa na kilo nne au tano yakiwa matupu, na magurudumu hayana kazi kwenye njia ya udongo. Siku moja kabla ya safari lipime. Huna mizani? Mpelekee muuza samaki akutundikie kwenye yake. Atakucheka, lakini atakwambia kweli. Lenga kilo 20 ili zibaki tatu za mambo ya kundi. Kisha fanyeni jambo hili ambalo watu hawapendi mwanzoni: kila wawili wabadilishane nusu ya nguo, zako kwenye begi la mwenzako na zake kwenye lako. Begi moja likipotelea Nairobi, hakuna atakayefika akiwa hana hata nguo ya kubadilisha. Na mkobani weka nguo ya siku moja, sweta, pasipoti na dawa zote.

Dawa zako za presha sasa. Hesabu za wiki mbili, ongeza za wiki nzima ya akiba, ziwe kwenye paketi zake zenye jina, na uombe daktari wako barua fupi inayotaja dawa na kipimo. Zisiwe kwenye begi la chini hata moja. Usiseme utanunua huko, kwani huenda wakawa na dawa ya kundi hilohilo lakini ya nguvu tofauti. Kama una kile kipimo cha presha cha nyumbani, kibebe. Kazi nzito, hewa ya mlimani na chumvi ya chakula cha ugenini vinaweza kubadilisha namba zako, na wewe utakuwa unajiona mzima. Mwambie pia kiongozi wa kundi, na mtu mmoja zaidi, dawa ziko wapi.

Kadi ya homa ya manjano hutapita bila hiyo. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Malawi hudai cheti kwa anayetoka nchi kama hizo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Ukichomwa siku nane kabla, cheti hakijaanza kazi. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti ni cha maisha, kwa hivyo mshirika mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 asichomwe tena. Wakati huohuo uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Mnaenda penye misumari na mabati, na mtu mzima wa Mombasa akiulizwa mara ya mwisho alichomwa lini hujibu, "Nilipokuwa na mimba ya huyu kifunga mimba."

Malaria. Sisi wa Pwani tuna kiburi kidogo hapa, tumeumwa na mbu tangu utotoni. Kinga hiyo si kamili, haitakulinda vyema dhidi ya kila malaria ya ugenini, na vijana waliokulia kwenye nyumba zenye neti na madirisha ya waya huenda hawana hata hiyo. Dedza kwenyewe mbu hupungua kwa baridi. Lakini nina hakika wenyeji watawapeleka ziwani siku moja, maana hakuna mgeni anayefika hapo bila kuonyeshwa Ziwa Malawi, na kule chini ni joto na malaria ipo mwaka mzima. Bebeni neti zilizotiwa dawa, mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu, na muulizeni daktari kuhusu vidonge vya kuzuia. Doksisaiklini huendelea kumezwa wiki nne baada ya kutoka, nyingine siku saba tu. Wewe mweleze daktari dawa za presha unazotumia kabla hajakuandikia. Huko ziwani pia kuna kichocho. Maji ni mazuri na matulivu, vijana watataka kuruka. Waambie mapema, na wasiosikia wajue kuna kupimwa baadaye.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Malawi ilipitia mlipuko wa kipindupindu ulioanza Machi 2022 na kuua zaidi ya watu 1,700, na kimbunga Freddy cha Machi 2023 kiliwaongezea taabu kusini mwa nchi. Julai si msimu wa mvua na hatari hupungua, ila weka dawa ya kutibu maji, pakiti kumi hivi za ORS, ile dawa ya maji ya anayeharisha, sabuni ya mche na chupa ya maji ya lita moja. Karatasi za choo roli mbili, tochi ya kichwani, na pedi kwa wanaozihitaji, za wiki zote mbili. Tochi ya kichwani ni kwa sababu choo kiko nje na mikono yote miwili utaihitaji.

Umeme, kama upo, plagi zao ni kama zetu za pini tatu bapa, kwa hivyo usinunue adapta. Umeme hukatika, kwa hivyo taa ndogo ya sola ina faida kuliko chaja tatu. M-Pesa yako haitakufaa kwa mama mboga wa Dedza. Wao hutumia Airtel Money na Mpamba. Beba dola safi zisizo na mikunjo wala maandishi, za toleo jipya, na zigawanye sehemu mbili mwilini na moja mkobani. Fungeni bima ya safari ya kundi zima, inayolipia kumsafirisha mgonjwa.

Kuhusu karatasi nitasema moja tu zaidi ya pasipoti yenye miezi sita mbele. Mnaenda kujenga na kufundisha. Mchungaji mwenyeji aulize ofisi ya uhamiaji ya kwao kwa maandishi ni kibali gani kinahitajika kwa kazi hiyo, na awatumie barua ya mwaliko yenye muhuri. Nakala iwe mkobani mwa kila mtu. Siku ya kufika msimwambie afisa mnatalii huku mmevaa gambuti. Vijana walio chini ya miaka 18 wawe na barua ya wazazi wote wawili.

Kwa masomo ya watoto beba kidogo. Mpira mmoja au miwili iliyotolewa upepo, pamoja na pampu na sindano mbili (sindano ndiyo husahaulika, na mpira bila sindano ni ngozi tu). Kamba ya kuruka, chaki za rangi, kitambaa cheusi cha kuchorea. Biblia za Kiswahili za kugawa msibebe, watoto wale wanasoma Kichewa, na Chama cha Biblia cha Malawi kinaziuza. Beba daftari dogo la salamu na nyimbo mbili tatu mlizofundishwa na mtu wa huko kabla ya kuondoka. Haitakuwa kazi ngumu kama unavyodhani. Lugha zetu ni ndugu. Na kuna jambo ambalo wengi Mikindani hawalijui, ilhali Rabai iko pua na mdomo. Johannes Rebmann, yule mmisionari aliyeungana na mmisionari mwenzake Krapf mwaka 1846, alikusanya kamusi ya lugha ya Wanyasa, ambayo ndiyo Kichewa cha leo, akiwa hapo Rabai, katika miaka ya 1850, kutoka kinywani mwa mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyetekwa kutoka eneo ambalo leo ni Malawi. Ilichapishwa 1877, mwaka mmoja baada ya Rebmann kufa. Na kati ya watumwa waliookolewa na kuwekwa Frere Town, hapo Kisauni, tangu 1875 walikuwemo wengi wa asili hiyo hiyo. Kwa hivyo mkijitambulisha kanisani kwao, semeni mnatoka Mombasa na muwaulize kama wanajua kwamba wajukuu wa watu wao wako Kisauni. Hadithi hiyo haina kilo hata moja, na wazee wataipenda kuliko pipi.

Kurudi, begi lako liwe jepesi. Glovu, gambuti na neti mnazotaka kuacha msizigawe mkononi kwa uliyemzoea. Mkabidhini mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, naye ajue nani wa kumpa. Mchele wa kule, mbegu na miche visipakiwe, wakaguzi wa mimea wa uwanja wa ndege hawana mchezo. Picha za watoto msizitupe mitandaoni bila idhini ya wazazi wao. Na ukifika nyumbani, ukipata homa yoyote ndani ya mwezi wa kwanza au hata baadaye kidogo, usimeze dawa ya duka. Nenda kapime siku hiyohiyo, na kabla hawajakutoboa kidole waambie ulikuwa Malawi. Walioingia ziwani wakapimwe kichocho baada ya wiki sita hadi nane, hata kama hawaumwi na chochote.